Wahusika nawaokota Kiboriloni, si ndotoni

Dada, umeuliza kama wahusika wa riwaya zangu za kifantasia hunijia ndotoni, maana wa kwako wote "wanaongea kama mtu mmoja". Ndotoni? Labda mara moja, tena nilikuwa na malaria.

Wengi nawaokota hapa hapa Moshi. Yule mchawi mzee uliyempenda alianzia kwa mama mmoja muuza mitumba pale Kiboriloni. Kila akikunjua shati, ananusa kola kwanza, ndipo anataja bei. Nikajiuliza, ananusa nini huyu? Nikaamua anamnusa aliyelivaa mwanzo, na anajua alikufaje. Mchawi akazaliwa pale pale, kabla hata sijampa jina.

Milima nayo inasaidia. Wazee wa Kichaga husimulia kwamba Mawenzi, kilele kifupi cha Kilimanjaro, alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo, kile kirefu, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile. Kibo ana mita 5,895, mwenzake 5,149. Basi una jirani mvivu, jirani mwenye hasira, na kovu linaloonekana hadi leo. Mimi nisingeanza na nguvu za ajabu. Ningeanza na huo uvivu wa kuwasha moto.

Hao wa kwako, mpe kila mmoja kitu anachokihitaji lakini anaona aibu kukiomba. Halafu wapakie kwenye daladala moja ya Marangu, imejaa hadi mlangoni, uone nani atampisha nani kiti. Hata majini yangu hupanda. Sura hiyo huwa siichapishi.