Sungusungu akipoteza sauti: flashi ya uokoaji na kompyuta inayolinda mtandao

Chumba chetu cha seva kina kompyuta ndogo nyeusi, imekaa juu ya rafu karibu na swichi kuu. Niko chuo kimoja hapa Mwanza, na kwa kuwa tuko Usukumani wenzangu wameibatiza Sungusungu. Jina limekaa. Kazi yake ni kuzunguka mtandao mzima kila dakika, kugonga mlango wa kila ruta, swichi, antena na printa na kuuliza, "Upo?" Isipojibiwa inapiga filimbi kwenye simu yangu. Ndani ina Debian (aina ya Linux), juu yake Zabbix, programu ya kufuatilia mtandao, na hifadhidata ni MariaDB. Haina feni ya maana, haina kioo, haina mtu anayeiangalia. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu.

Mwaka juzi ilikaa kimya siku tisa. Mimi nikamshukuru Mungu: wiki nzima hakuna ujumbe wa swichi ya hosteli kuzimika, hakuna antena ya maktaba kupotea. Nikaona kazi yangu inaeleweka sasa. Jumatatu mama mhasibu akanipigia.

"Mwanangu, huu mtandao tangu wiki iliyopita unasuasua. Kwani wewe kwenye mashine yako huoni?"

"Shikamoo mama. Hapana, huku kwangu kila kitu kiko sawa."

"Marahaba. Basi njoo ukae hapa kwangu uone hiyo sawa yako."

Nikachomeka kioo kwenye Sungusungu. Skrini nyeusi, mistari mieupe imejaa juu mpaka chini, keneli (kiini cha mfumo) inalalamika kuhusu diski ile ile mstari baada ya mstari. Mfumo wa faili wa ext4 ulikuwa umekuta hitilafu ukajifungia: unasomeka, hauandikiki. Ndivyo Debian inavyoupanga kwa kawaida, ili uharibifu usiendelee. Ila Zabbix isipoweza kuandika haiwezi kufanya chochote, hata kutuma ujumbe wa kusema imekwama. Mlinzi alikuwa amesimama getini macho wazi, kapoteza sauti. Na mimi ukimya nikaudhani amani.

Kosa langu la pili nililifanya nusu saa baadaye, na ndilo hasa lililonifanya niandike makala hii.

Nilikuwa na flashi yenye SystemRescue. Kwa asiyeijua: ni Linux kamili inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Zamani iliitwa SystemRescueCd na ilijengwa juu ya Gentoo. Tangu toleo la 6, mwaka 2019, imejengwa juu ya Arch. Inakuja na smartctl ya kupima afya ya diski, ddrescue ya kunakili diski mbovu, e2fsck ya kurekebisha ext4, GParted, TestDisk na mengine mengi. Ni bure. Nikaiwasha, nikaandika fsck -y, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, nikaenda kunywa chai. Hiyo -y maana yake "jibu ndiyo kwa kila swali". Niliporudi imemaliza, nikafurahi. Nikafungua folda ya hifadhidata: majedwali makubwa ya historia hayapo. Kwenye folda ya lost+found kulikuwa na mafaili yenye majina kama #131092, #131093, hakuna anayejua lipi ni lipi.

Diski ilikuwa inakufa, na mimi nikamwamuru fundi ahamishe kuta za nyumba inayobomoka. Grafu za miezi minane zilikwenda. Mtu anaweza kusema grafu ni mapambo tu. Subiri siku unakaa mezani na mtoa huduma wa intaneti, unadai mlikatika mara kadhaa mwezi uliopita, naye anakuuliza kwa upole, "Una ushahidi?" Sikuwa nao. Tulilipa bili nzima.

Kwa hiyo utaratibu wangu siku hizi una mpangilio usiobadilika: kupima, kunakili, ndipo kurekebisha. Na urekebishaji unafanyika kwenye nakala, siyo kwenye diski ya asili.

Nikishawasha flashi, amri ya kwanza ni lsblk, nijue diski ipi ni ipi. Inaonekana jambo dogo, lakini sda ya jana si lazima iwe sda ya leo ukishaongeza diski ya nje, na ukichanganya diski unayonakili na ile unayonakilia hapa, umemwaga maziwa yote. Mimi naandika kwenye karatasi: jina, ukubwa, namba ya utambulisho (serial) iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Kisha smartctl -a. Kwa diski ya kuzunguka naangalia mistari mitatu tu: Reallocated_Sector_Ct, Current_Pending_Sector na Offline_Uncorrectable. Zikiwa sifuri, napumua. Hiyo ya katikati ikiwa na namba, maana yake kuna sekta (vipande vidogo vya diski) ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. Hapo sigusi fsck.

Mara ya pili tatizo liliporudi, mwaka jana wakati wa masika, Current_Pending_Sector ilisoma 48. Nikachomeka diski mpya, na flashi nyingine kwa ajili ya faili la ramani, ambamo ddrescue inaandika imefika wapi, kisha:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani.map

Hiyo -n inaiambia ichukue kwanza kilicho rahisi, isihangaike kukwangua maeneo mabovu. Diski inayokufa ina pumzi chache. Usizimalize kwenye kipande kimoja kigumu wakati asilimia 99 ya data iko tayari kuchukuliwa. Baada ya hapo unarudia kwa -d na -r3, ikajaribu yale yaliyobaki mara tatu.

Ramani isikae ndani ya SystemRescue yenyewe. Mfumo ule unaishi kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, na ramani imekwenda. Ya kwangu ilikuwa kwenye ile flashi nyingine, na saa tatu usiku umeme ulikatika kweli. UPS ikavumilia dakika kumi ikanyamaza. Uliporudi nikawasha tena, nikaandika amri ile ile, ddrescue ikasoma ramani na kuendelea pale ilipoishia. Nilicheka peke yangu mle chumbani kama mwehu.

Kunakili kulipokwisha nikaitoa diski ya zamani kabisa. Ni lazima uitoe, kwa sababu nakala ina UUID (namba za utambulisho) zile zile, na zikiwaka zote mbili kompyuta inaweza kuchukua ile mbovu bila wewe kujua. Kwa kuwa mpya ilikuwa kubwa kuliko ya zamani, jedwali la akiba la GPT (orodha ya patisheni za diski) lilibaki katikati badala ya mwisho wa diski. Sgdisk -e inalisogeza mahali pake. Ndipo nikaita e2fsck -f. Safari hii nikikosea, ninayo ya asili kwenye droo.

Hifadhidata ikagoma kuwaka. Kwenye mipangilio ya MariaDB kuna kitu kinaitwa innodb_force_recovery, kinakwenda kutoka 0 hadi 6. Anza na 1. Yangu ilikubali kwenye 1, nikatoa data yote kwa mysqldump, nikajenga hifadhidata mpya tupu, nikairudisha. Kuanzia 4 kwenda juu unaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo usifike huko kama huna nakala ya folda nzima pembeni. Na usiache Zabbix ikifanya kazi kila siku na kitu hicho kimewashwa. Ni gongo la kutembelea, siyo mguu.

Si kila ukimya ni diski mbovu. Kuna siku diski ilikuwa nzima kabisa ila imejaa asilimia 100, kwa sababu nilikuwa nimeiambia Zabbix ihifadhi kila kipimo kwa mwaka mzima kama vile tuna ghala la Marekani. Nikafuta mistari mamilioni, nikaangalia df -h: bado 100. Hapa wengi wanachanganyikiwa. InnoDB, sehemu ya MariaDB inayohifadhi data, ukifuta mistari hairudishi nafasi kwenye diski. Inaitunza kwa matumizi yake ya baadaye. Kuirudisha unahitaji OPTIMIZE TABLE, na yenyewe inajenga nakala ya jedwali kwanza, kwa hiyo inataka nafasi ambayo huna. Niliwasha flashi, nikahamishia faili la jedwali kubwa kwenye… hapana, usifanye hivyo, nilijaribu na nikajuta. Nilichofanya mwishoni ni kupunguza logi kwa journalctl --vacuum-size=200M na kufuta vifurushi vya zamani vya apt, mfumo ukapata pa kupumulia, kisha nikatumia GParted ya kwenye flashi kutanua patisheni hadi kwenye eneo lililokuwa limekaa bure. Nikapunguza na siku za historia. Kipimo cha kila dakika cha miezi mitano iliyopita hakuna anayekisoma. Wastani wa saa unatosha.

Kitu kingine kidogo ni betri ya saa, ile ya duara ya CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka ikidhani iko miaka ya nyuma, na kabla saa haijarekebishwa kupitia mtandao, vipimo vinaingia kwenye tarehe za ajabu. Betri yenyewe ni bei ya soda chache. Ibadilishe tu.

Sasa, watu wengi wanaitunza flashi ya uokoaji kama sanda: inatolewa siku ya msiba tu. Mimi nimeifanya ya matengenezo. Kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi wanafunzi wakiwa wachache, naizima Sungusungu kwa utaratibu, nawasha flashi, napima diski, napitisha e2fsck -f -n ambayo inatazama bila kugusa kitu, kisha nawasha Clonezilla na kuchukua picha nzima ya diski kwenye diski ya nje. Clonezilla inanakili sehemu zilizotumika tu, kwa hiyo haichukui nafasi nyingi unavyodhani. Flashi moja inabeba zote mbili kwa Ventoy. Unadondosha mafaili ya ISO (picha za mifumo hiyo) humo unachagua lipi liwake. Kwenye BIOS ilibidi nizime Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyo na sahihi inayotambulika kuwaka, maana SystemRescue haiwaki nayo. Fanya hilo leo, siyo siku ya tatizo, hasa kama nywila ya BIOS aliiweka mtu aliyeshahama kazi.

Picha ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Nina kompyuta ya zamani iliyostaafu ofisi ya msajili, na ndiyo ninayoitumia kujaribia. Diski yake lazima iwe sawa au kubwa kuliko ya asili. Mara ya kwanza nilisahau kuchomoa kebo ya mtandao: zikawa sungusungu wawili, anwani moja ya IP, na simu yangu ikapokea kila ujumbe mara mbili hadi nilipokimbia chini kuichomoa. Nikagundua na jingine siku hiyo: kadi ya mtandao ilikuwa na jina tofauti na lile lililoandikwa kwenye mipangilio, kwa hiyo hata nilipoirudishia kebo baadaye nikiwa nimezima ile ya asili, haikupata anwani. Bora kujifunza hivyo Jumamosi kuliko Jumatatu asubuhi.

Juu ya hayo kila usiku kuna nakala ndogo ya mipangilio pekee, bila historia, inakwenda seva nyingine. Na kila asubuhi saa moja Sungusungu inanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Niko macho." Usipofika, naamka.

Flashi yenyewe nayo ina kisa. Nilikuwa naiacha mezani. Siku moja naitaka, naichomeka, naikuta haina SystemRescue wala Clonezilla: ina singeli, na video ya send-off ya dada mmoja nisiyemjua. Siku hizi ziko mbili. Moja iko kwenye mkoba wangu, nyingine nimeibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya kava la Sungusungu, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: HAINA MUZIKI.