Re: Marguerite wa Flanders na waume wawili wa jina moja

Salama mkuu. Hapo ulipokwama, kwamba Marguerite kaolewa na Philippe wawili na wote maduke (watawala) wa Bourgogne, eneo la Ufaransa, usiwafanye baba na mtoto. Mimi nikichora ukoo huu naanza na mwaka wa kufa. Philippe wa Rouvres kafa 1361 ana miaka 15 tu, hana mtoto, Bourgogne ikarudi kwa mfalme Jean II wa Ufaransa, naye 1363 akampa kitinda mimba wake Philippe le Hardi, yule aliyepigana vita vya Poitiers bega kwa bega na babake akiwa na miaka 14, ndo akamuoa mjane Marguerite huko Ghent 1369. Halafu Jean II alishamuoa mama wa yule wa Rouvres, kwa hiyo hawa wawili walikuwa ndugu wa kambo! Watoto wote wa Marguerite, Jean sans Peur akiwemo, waweke kwa le Hardi.