Wakisikia sauti yangu tu, matusi yanaanza

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 19, naishi Morogoro. Nacheza gemu ya vita kwenye simu, ile ya timu ya watu wanne. Nikifungua maiki wakajua ni msichana, wananiambia nikapike, wengine wananitukana matusi ya nguoni. Wiki iliyopita mmoja alichukua picha yangu akaisambaza kwenye grupu la WhatsApp na maneno machafu, akaandika kwamba mtaa ninaokaa anaujua. Sasa nacheza maiki ikiwa imezimwa, na timu inafungwa kwa sababu siwezi kuwaambia adui yuko wapi. Kaka yangu anasema hayo ni maneno ya mchezo, nizoee. Nijiite jina la kiume, au niache kabisa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache, na jina lako usilibadili.

Niliendesha banda la gemu Tanga kwa miaka 11. Runinga nne, pedi nane, anayefungwa anampisha mwingine. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa anapita akitoka shule, akikaa kwenye kiti anawafunga vijana watatu mfululizo. Siku moja kijana aliyepigwa mabao manne akamtamkia neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Banda zima likanyamaza. Wavulana waliokuwa wakimshangilia dakika moja kabla wakaangalia chini. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu chenji, nikaendelea kuhesabu. Binti akaweka pedi chini taratibu, akanilipa, na sikumwona tena.

Mpaka leo jambo hilo linaniuma, na nina hakika kilichomfukuza ni ule ukimya wetu kuliko lile neno. Kesho yake niliandika ukutani kwa chaki: ukitukana, pedi chini, hela hairudi. Walininunia wiki nzima, kisha wakanyooka. Wasichana wengine walikuja baadaye. Yule hakurudi.

Kwa hiyo nakuuliza: kwenye timu yenu, ukiondoa wewe na anayetukana, wapo wawili. Wanasema nini? Kama wako kimya, tafuta wengine. Tafuta watatu unaowafahamu, hata kama uchezaji wao ni wa wastani, mcheze pamoja na maiki yako ikiwa wazi. Mgeni akitukana, mzimeni sauti na mripotini wote wanne papo hapo.

Kaka yako amekosea. Mwaka 2014 huko Marekani yalizuka mashambulizi dhidi ya wanawake wa fani ya gemu, yakaitwa Gamergate. Nayo yaliitwa maneno tu. Oktoba mwaka huo Brianna Wu, mtengenezaji wa gemu, alihama nyumbani kwake baada ya kutishiwa kuuawa na anwani yake kuanikwa mtandaoni. Mwezi huohuo Anita Sarkeesian, aliyekuwa akichambua namna wanawake wanavyochorwa kwenye gemu, alifuta hotuba yake katika chuo kikuu cha Utah State: mtu alitishia kufyatulia watu risasi, na polisi walisema sheria ya jimbo haiwaruhusu kuwazuia wenye vibali kuingia na bunduki ukumbini.

Ndiyo maana hilo la mtaa wako silichukulii kama matusi ya kawaida. Usimjibu. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake, tarehe na maneno yote, umtumie mtu mzima unayemwamini azihifadhi. Kisha nenda naye kituo cha polisi, muulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtisha au kumsumbua mtu kwa njia hii. Faini yake haipungui shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kitaje kifungu hicho kwa namba, wasije wakakurudisha nyumbani kwa maneno kama ya kaka yako.

Na huyo kaka simkatii tamaa, maana naamini hajawahi kusikia unachosikia wewe. Leo usiku rekodi mchezo mmoja, maiki ikiwa wazi. Mpe spika za masikioni, mkalishe, asikilize mpaka mwisho bila kuruka. Halafu muombe awe mmoja wa wale watatu.