Kwa mdogo wetu wa Kisumu aliyepata nafasi ya udaktari wa meno na anaogopa HELB

Mdogo wetu ameuliza hivi: amepata nafasi ya kusomea udaktari wa meno Eldoret, mama anauza omena soko la Kibuye, na mjomba anamwonya asiguse HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo, kwa sababu deni hilo litamfuata mpaka uzeeni. Wacha nimjibu kwa yale niliyopitia mwenyewe.

Chukua HELB. Mimi nilianza 2014 nikitoka Nyalenda, nikapewa shilingi 45,000 kwa mwaka. Miaka mitano ikawa 225,000. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, yaani kama 9,000 kila mwaka kwa deni hilo lote. Wakati huohuo, mkopo wa kawaida wa simu ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 tu. Keti na mama mpige hesabu hiyo polepole. HELB nimeilipa nikamaliza. Kilichonitoa machozi ni mikopo ya simu, na niliingia humo kwa sababu hakuna aliyeniambia mwaka wa tatu ukoje.

Miaka miwili ya kwanza haina gharama kubwa. Mnasoma na wenzenu wa udaktari wa kawaida: mwili wa binadamu, jinsi unavyofanya kazi, kemia yake. Vitabu viko maktaba, koti jeupe unapata kwa aliyekutangulia. Pesa ya matumizi ikiingia unajiona una nafasi. Mimi nilinunua simu mpya, nikahamia chumba cha peke yangu nje ya chuo, na hakuna kilichobaki.

Halafu mwaka wa tatu ikabandikwa ubaoni orodha ya vifaa. Vioo vya mdomoni, vifaa vya kuchongea nta, vya kuzibia meno, glavu boksi kwa boksi. Nilikopa 6,000 kwenye simu. Mwezi ulipoisha nikakopa kwingine nilipe pale pa kwanza, kisha pa tatu nilipe pa pili. Pesa ya muhula uliofuata ilipoingia, yote ilienda kwa wanaonidai, na nilikula githeri ya jioni peke yake karibu wiki sita. Siku hizi kuna Fuliza pia, mkopo wa M-Pesa ambao hujilipa yenyewe pesa ikiingia, hata kama ni nauli aliyokutumia mama. Tafadhali, kaa mbali nao.

Na vifaa si mwisho. Ukiingia kliniki unatakiwa ufikishe idadi fulani ya kazi: uzibe meno kadhaa, ung'oe kadhaa, utengeneze meno ya bandia. Mgonjwa asipokuja, kazi yako haihesabiwi. Nilikuwa na mzee mmoja wa Langas asiye na jino hata moja. Meno ya bandia ya juu na chini hayatengenezwi siku moja: unachukua chapa ya ufizi, unachukua nyingine iliyo sahihi zaidi, unapima anavyouma, unamjaribisha meno yakiwa bado kwenye nta, ndipo unamkabidhi. Alikuja mara sita. Kila mara nilimpa 200 ya nauli na chai, maana yeye hakuwa nayo na mimi bila yeye singemaliza muhula. Siku alipokosa kufika nilikaa kwenye benchi nje ya kliniki tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, koti nimevaa, vifaa vimeshachemshwa. Gharama hii haiko kwenye karatasi yoyote utakayopewa, lakini itakuja.

Mwenzangu mmoja kutoka Bungoma alifanya vizuri kuliko mimi. Kila HELB ilipoingia alimtumia mamake 3,000, mamake akaziweka kwenye chama chao cha akiba sokoni. Mihula minne, 12,000. Orodha ilipobandikwa, yeye alilipa siku hiyohiyo. Mama yako akiwa Kibuye hakosi chama anachokiamini. Mwanzie hapo, kabla hujazoea maisha ya Eldoret.

Jambo jingine dogo: utahitaji meno yaliyong'olewa ya kufanyia mazoezi, na wapo wanafunzi wanaoyanunua. Ukirudi nyumbani likizoni, nenda na barua ya chuo kwa daktari wa meno wa hospitali iliyo karibu nawe, umwombe kwa adabu. Yaoshe, yaloweke kwenye maji ya jiki, yafunge vizuri kwenye kopo. Vaa glavu unapoyashika.

Kuhusu mfumo mpya wa kulipia vyuo ulioanza 2023, wenye ufadhili, mkopo na mchango wa familia, jaza ukweli wa nyumbani kwenu bila haya. Ukiwekwa bendi, yaani kundi la kipato, isiyolingana na kipato cha mama, kata rufaa mapema. Na uombe basari ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge lenu, na ya kaunti kila mwaka, hata kama mwaka jana walikunyima.

Mjomba ana haki ya kuogopa sehemu moja tu. Unatakiwa uanze kulipa HELB mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukinyamaza faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Mwaka huo unaweza kuisha ukiwa bado nyumbani unasubiri kupangiwa hospitali kama intern, yaani daktari aliye kwenye mafunzo ya kazi. Hata ukipangiwa, usikope leo kwa kutegemea mshahara wa kesho: makubaliano ya 2017 kati ya madaktari na serikali yalimpa intern 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000, na madaktari wakagoma 2024. Mimi nilisubiri miezi saba. Niliwaandikia HELB mapema kwamba sina kazi, na nilipoanza kazi tukapanga kiasi cha kila mwezi.

Vifaa vyangu vya kuchongea nta bado ninavyo, pamoja na vioo vitatu. Ukifika mwaka wa tatu niandikie hapa, nitakupa.