Notsi umezisoma mara tano, mbona kichwani hazipo?

Kurudia kusoma notsi mara nne, tano, huku mistari ikipakwa rangi ya njano, ndiyo namna ya kupiga msuli iliyozoeleka vyuoni hapa Mwanza, kuanzia Malimbe hadi Bugando. Shida yake ni kwamba ukurasa uliozoeleka husomeka kwa wepesi, na wepesi huo humdanganya msomaji kuwa ameshaujua. Chumba cha mtihani kinadai kitu kingine: utoe jambo kichwani wakati ukurasa haupo.

Wanasaikolojia huigawa kazi ya kumbukumbu mara tatu: kuingiza, kuhifadhi na kutoa. Sisi nguvu zote tunazimaliza kwenye kuingiza. Mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kuna waliorudia kusoma, na kuna waliofunga karatasi wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, 81% kwa 75%. Baada ya wiki mambo yakageuka: wao 42%, waliojipima 56%. Ndiyo maana anayekesha hujiona yuko tayari usiku uleule.

Kwa hiyo soma kurasa 2 au 3, si sura nzima. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kwa maneno yako, hata kama ni vipande vipande. Ukikwama usichungulie, sumbuka nacho dakika moja au mbili, maana kule kutafuta ndiko kunakokurahisishia kulipata jambo hilo siku nyingine. Kisha fungua, usahihishe kwa kalamu nyekundu. Hatua hii watu huiruka, na kosa lisilosahihishwa nalo hukaa kichwani vizuri tu. Kesho anza na mekundu, urudie baada ya siku 3, halafu baada ya wiki. Kila kitu kikitoka bila jasho, siku ulizoacha katikati ni chache mno, ongeza. Kisipotoka hata kimoja, punguza.

Kuachanisha siku kuna sababu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alipima kazi anayookoa akijifunza upya orodha ileile: baada ya saa moja aliokoa kama 44%, baada ya siku 34%, baada ya mwezi 21%. Upotevu mkubwa hutokea mapema, kisha kasi hupungua. Somo lenye maana halipotei haraka kama silabi zile, kwa hiyo usizifanye asilimia hizo kuwa sheria ya daftari lako la Biolojia.

Sehemu ya kumbukumbu inayoshika mambo unayoyashughulikia sasa hivi nayo ni finyu. Mwanasaikolojia George Miller, 1956, alitaja vitu 7, vizidi au vipungue 2. Mwenzake Nelson Cowan, 2001, akashusha hadi karibu 4. Aliyetumwa soko la Mwaloni Kirumba dagaa, sangara, sato, nyanya, vitunguu na mafuta, kisha akapigiwa simu njiani, atarudi bila kimoja, wala si uzembe. Avifunge mafungu mawili, samaki na vya genge. Hata namba ya simu tunaitaja kwa vipande.

Usingizi nao ni sehemu ya kusoma, kwa sababu ubongo huendelea kuyaimarisha ya mchana mtu akiwa amelala. Pangia usingizi saa zake kwanza, ndipo ugawe zilizobaki.

Utasikia pia kwamba lazima usomee mahali panapofanana na chumba cha mtihani. Chanzo kimojawapo ni jaribio la 1975 la Godden na Baddeley: wapiga mbizi walikumbuka vizuri zaidi chini ya maji maneno waliyojifunzia humohumo. Jaribio hilo liliporudiwa, matokeo yakachapishwa 2021, tofauti hiyo haikuonekana. Usihangaike na chumba. Jipime popote, kwenye daladala ya Buhongwa au foleni ya kivuko cha Kamanga, maswali matatu tu, daftari likiwa begini.