Nina dakika 15 tu: nieleze vipi uchimbaji wangu?

SWALI: Ni mwanafunzi wa uzamili wa akiolojia, nilichimba Kilwa. Kwenye wasilisho langu la kwanza kengele ililia nikiwa bado kwenye historia ya eneo, matokeo sikuyafikia. Mwezi ujao nawasilisha tena kwa dakika 15, kisha niende kuwaeleza wanakijiji. Nijipange vipi?

JIBU: Mdogo wangu, kengele hiyo imewakuta wengi, na chanzo ni kilekile: slaidi zinapangwa kama sura za tasnifu. Utangulizi, historia, maandiko yaliyotangulia, mbinu, ndipo matokeo. Wanaakiolojia waliokaa ukumbini wanajua kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kwamba magofu yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981. Futa zote hizo. Anza na ulichokipata na ubishi kinaougusa.

Panapoharibika zaidi ni kwenye mchoro wa ukuta wa shimo. Ule uliouchora kwenye karatasi ya grafu, matabaka yote na namba zake, ni wa ripoti. Aliyekaa nyuma haoni kitu. Chora upya. Tabaka tatu au nne zinazobeba hoja zipe rangi, nyingine ziwe kijivu. Tuseme una sakafu ya chokaa, na chini yake vigae (vipande vya vyombo vilivyovunjika) vya kijani vya China. Tulia hapo dakika nzima. Onyesha kwanza kwamba sakafu haina ufa wala shimo lililochimbwa baadaye, ndipo useme vigae vilishafukiwa kabla sakafu haijawekwa. Umri wa jengo lako unategemea sentensi hiyo. Ukiipita mbio, muda wa maswali utaishia kwenye kaa wa pwani, kama mashimo yao ndiyo yaliyoshusha vigae chini (na pwani hilo ni swali halali kabisa).

Tarehe za kaboni, yaani umri uliopimwa maabara, ziache kwenye slaidi pamoja na kiwango cha uhakika. Mdomoni sema tu "karne ya 14". Kama ulipima makombe ya baharini badala ya mkaa, taja mwenyewe kwamba umefanya masahihisho, maana kaboni ya bahari hulifanya kombe lionekane kongwe kuliko lilivyo. Usingoje uulizwe.

Mazoezi yafanye umesimama, kwa sauti, simu ikihesabu muda. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya.

Kijijini acha projekta. Pitia kwanza kwa mwenyekiti na wazee, na kama ulikuta kaburi, waeleze wao kabla ya mkutano. Picha ya mifupa isionyeshwe bila ridhaa yao. Swali la kwanza litakuwa dhahabu, au mali inayosemekana Mjerumani aliifukia. Usicheke. Sema ulichokitoa, kimehifadhiwa wapi, na uonyeshe kibali cha Idara ya Mambo ya Kale. Ramani yenye vipimo vya GPS ibaki kwenye begi, wasije watu na majembe usiku.

Halafu pitisha sinia ya vigae watu wavishike, hasa midomo ya vyungu yenye masizi. Kina mama wanaofinyanga watakuonyesha kwa vidole chungu kilivyoinuliwa na kilivyokaa mafigani, mambo ambayo jedwali lako la aina za vyungu halina. Yaandike palepale, na uombe ruhusa ya kuwataja kwa majina kwenye tasnifu.