Maswali na majibu: Gemu za kucheza bila kusimuliwa

Kaka, mara tatu umeisifia Outer Wilds na hujawahi kueleza inahusu nini. Unatuficha nini? (Msomaji, Mwanza)

Nawaficha gemu yenyewe. Haya hayana madhara: ilitoka 2019, ilianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum pale Chuo Kikuu cha Southern California, na wewe ni rubani mpya mwenye chombo cha kuungaunga, unazunguka sayari chache zilizo jirani. Hupewi bunduki, hupandi levo, hununui nguvu. Karibu kila mahali unaweza kufika tangu mwanzo, kinachokukwamisha ni kutojua tu. Mimi ilinichukua wiki tatu. Leo nikiianza upya, naimaliza kabla wali haujaiva jikoni.

Ndiyo maana sisemi. Mtu akikusimulia mechi, matokeo umeyajua lakini mabao bado utayaangalia. Akikusimulia gemu ya namna hii amekwisha kukuchezea, hujaachiwa hata ukoko.

Nimeinunua Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kwa sababu yako, mbona imejaa risasi? (Msomaji, Nakuru)

Pole, umeingia mkenge. Hiyo ni The Outer Worlds ya kampuni ya Obsidian, nayo ya 2019. Si mbaya, ila siyo. Kama hazijapita siku 14 na hujaicheza saa 2, Steam hurudisha pesa. Omba leo.

Laptopu yangu ni ya kuandikia ripoti tu, na bando ndiyo hivyo tena. Nicheze nini?

Animal Well, ya 2024. Billy Basso aliitengeneza peke yake kwa takriban miaka saba, na faili lake halifiki hata MB 100. Picha za harusi ya shangazi zinakula bando zaidi. Utakuwa kidude kidogo chenye umbo la doa, ndani ya pango lenye wanyama. Ukidhani umeimaliza, hujaimaliza. Naishia hapo.

Ukipenda upelelezi, tafuta Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, ya 2018. Meli iliyopotea inarudi mwaka 1807 bila mtu hata mmoja aliye hai, na wewe mkaguzi wa bima unatakiwa useme kila mmoja kati ya watu 60 alikuwa nani na alipatwa na nini. Michoro yake ni rangi mbili tu, kama gazeti la zamani. Kilichonifurahisha ni kwamba majibu huthibitishwa matatumatatu, kwa hiyo kubahatisha hakukufikishi mbali. Shika daftari, kaza sikio.

Nimekwama siku nne. Nikiangalia YouTube ni dhambi?

Si dhambi, ila kumbuka vitendawili vya bibi. Ukishindwa hukupewa jibu bure, ulidaiwa mji kwanza, na bibi aliutembelea huo mji wako kwa madaha, akala na kunywa, huku wewe bado unakuna kichwa. Mara nyingi jibu lilikujia katikati ya safari yake. Basi lipa mji: funga kompyuta, lala, kesho nenda upande ambao hujaugusa. Kwenye Outer Wilds fungua kumbukumbu za chombo, huandika wapi bado kuna la kutazama.

Ikishindikana kabisa, muulize aliyeimaliza, tena umuulize swali dogo: "Nipo mahali sahihi?" Atajibu ndiyo au hapana. Video haijui kujibu hivyo, itamwaga mtama wote, na hata picha yake ya nje huwa na jibu.

Mdogo wangu ameshaona mwisho mtandaoni, kila nikishika pedi ya kuchezea gemu anacheka.

Mfukuze chumbani.

Nimeimaliza, natamani kuisahau nianze upya. Kuna dawa?

Hakuna. Outer Wilds ina nyongeza ya 2021, Echoes of the Eye, hiyo itakushibisha kwa siku kadhaa. Baada ya hapo tafuta ambaye hajacheza, mpe pedi, kaa nyuma yake na mdomo uliofungwa. Juzi nilimkalisha mpwa wangu. Alisimama mbele ya jibu lenyewe, akalitazama, akasema "hapa hakuna kitu," akaondoka. Niliuma kanga ya mke wangu.